Uchachu wa Kahawa ya Mama

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi kali. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na Mlima Meru haupo. Mgeni angeweza kuapa kwamba mji huu hauna mlima. Nimevaa sweta mbili na soksi za sufu alizofuma marehemu mama, nimekaa jikoni kwangu Njiro, na mbele yangu kuna vikombe viwili vichafu.

Nimezoea kuandika kwenye ukurasa huu nikiwa nimemkasirikia mtu. Leo nimemtafuta wa kumkasirikia tangu saa tisa alasiri, nimemkosa.

Nianze na lile nililoandika wiki tatu zilizopita, maana ndilo lililonifikisha hapa. Nilisema kwamba espreso ya nyumbani ikiwa chachu, kosa ni la aliyeikamua, si la mkulima. Nilisema kwa kelele, kama kawaida yangu. Niliwashambulia wenye migahawa ya mjini wanaonunua mashine ya bei ya gari, halafu wakitoa kikombe kinachokunja uso wanamwambia mteja, "Kahawa ya Meru ndivyo ilivyo." Niliwashambulia na wale wa upande wa pili, wanaobinua midomo na kukwambia kwamba uchachu ni ustaarabu, na wewe usiyeupenda ni mshamba. Wote hao, niliandika, wana ugonjwa mmoja: hawajawahi kupalilia hata shina moja. Usimsingizie mkulima uvivu wako. Saga laini zaidi. Ongeza joto. Yape maji muda wa kupita kwenye unga. Uchachu utageuka utamu.

Watu walibishana humu siku nne. Nilifurahi.

Yote niliyoyaandika ni kweli na bado nayasimamia. Lakini sikuyaandika kwa kuwa ni kweli. Niliyaandika kwa sababu nilikuwa na kahawa chachu jikoni kwangu, na nilihitaji kosa liwe la mashine.

Kahawa yenyewe ni ya mama. Ndiyo aliyoichuma mwisho.

Mwaka jana, Septemba, mama alichuma kahawa mbivu Jumatatu kutwa nzima, nyumbani kwetu mlimani, juu ya eneo la Maji ya Chai. Jioni akaimenya kwa ile mashine ya mkono tunayotumia pamoja na jirani yetu, Baba Ndekirwa. Walipokezana mpini, yeye akimenya ya kwake na mama ya kwake, kila mmoja akabeba ndoo yake. Mama akaiweka ya kwake kwenye kibanda kilicho chini kwenye migomba, karibu na mfereji, akaifunika ili ivundike. Kwa asiyejua: kahawa ikishamenywa inabaki na utelezi, na utelezi huo hauachii mpaka kahawa ivundike siku mbili hivi. Ndipo inaoshwa kwa maji mengi na kuanikwa. Ukiacha ikapitiliza, inachacha. Ikishachacha hakuna kiwanda, hakuna mkaangaji, hakuna mashine ya Kiitaliano itakayoirudisha.

Jumanne alfajiri mama alianguka mlangoni mwa jiko. Hakuamka tena.

Kwetu, msiba ukiingia, jembe linawekwa chini. Hakuna mtu wa nyumba hiyo wala wa ukoo anayeingia shambani mpaka marehemu azikwe na matanga yaondolewe. Ukionekana kwenye migomba na ndoo mkononi, utasemwa kanisani, utasemwa sokoni, na watoto wako watasemwa. Kwa hiyo hakuna aliyeshuka kwenye kibanda, na hakuna aliyesikia harufu.

Jumatano jioni, siku ya pili ya msiba, Baba alinivuta pembeni, nyuma ya turubai.

"Kesho asubuhi na mapema, watu hawajaamka, nenda kaoshe kahawa ya mama yako," aliniambia. "Nakuambia wewe kwa sababu wewe huogopi maneno ya watu."

Nikamjibu, "Sawa, Baba. Nitaosha."

Alikuwa amenijua vizuri. Siogopi maneno ya watu. Nayapenda mno, hilo ndilo tatizo langu.

Wakati ananiambia hayo nilikuwa nimeshika karatasi. Wazee wa kanisa walikuwa wamenipa rasimu ya wasifu wa marehemu niipitie, na ndani yake kulikuwa na mstari uliosema kwamba mama aliolewa na mkulima wa kahawa, akawa msaidizi mwema wa mumewe. Msaidizi! Mama alipalilia, alipogoa, alichuma, alimenya, aliosha, alianika. Jina lililoandikwa kwenye daftari la ushirika lilikuwa la Baba. Mikono iliyochubuka ilikuwa ya mama. Nikataka iandikwe kwamba yeye mwenyewe alikuwa mkulima wa kahawa. Maneno matatu tu.

Mzee mmoja akasema wasifu si mahali pa siasa. Hapo akawa amenifungulia uwanja. Nilibishana nao Jumatano mpaka jenereta ikazimwa, nikaamka Alhamisi nikawaendea nyumbani kwao kabla hawajanywa chai. Nikampigia mchungaji. Nikaandika rasimu yangu, wakaikataa, nikaandika nyingine. Nilikuwa na hoja kutoka kwenye Maandiko, kutoka kwenye sheria ya ardhi, kutoka kwenye vitabu ambavyo wazee wale hawajawahi hata kuvisikia. Ijumaa mchana walisalimu amri. Jumamosi mstari wangu ulisomwa kaburini mbele ya umati, na akina mama walioketi upande wa migomba wakaitikia kwa sauti moja. Sijawahi kushinda ubishi nikajisikia vile.

Kahawa yenyewe ilikuwa inaoza hatua mia moja kutoka pale niliposimama.

Ningependa kuandika kwamba niliisahau kwa uchungu wa msiba. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini niliisahau kwa sababu nilikuwa nashinda.

Nilirudi mjini Jumapili. Jumatatu, matanga yalipoondolewa, Baba alishuka mwenyewe kwenye kibanda akafunua ndoo. Siku saba. Aliiosha hivyohivyo, akaianika, hakuichanganya na ile iliyokwenda ushirika. Akaihifadhi uvunguni mwa kitanda chake, nusu gunia.

Hakuniuliza. Hapo ndipo penye ubaya wote. Hakuniuliza kwa sababu hakuwa na hakika.

Baba ana miaka themanini na moja. Tangu mama afariki amekuwa akiuliza jambo moja mara mbili. Anatafuta kofia ambayo ameivaa. Siku moja alimwita mdogo wangu Elisante kwa jina la kaka yetu aliyekufa zamani. Elisante ndiye anayeishi naye. Ni mtu mwema aliyechoka, na anachokiogopa ni moto: kwamba siku moja atakuwa shambani au sokoni, mzee atawasha kuni, atasahau, na atarudi kukuta majivu. Anataka Baba ashuke mjini akae kwangu, kwenye jiko la gesi na geti. Baba amekataa. Anasema atashuka siku akili yake mwenyewe itakapomwambia ashuke, si siku atakayoambiwa na watoto.

Mwezi uliopita nilipanda kumwamkia. Akainama uvunguni, akanitolea mfuko wa kahawa ile.

"Wewe una mashine," alisema. "Ikaange, uionje, uniambie kama imechacha. Nataka kujua jambo moja. Naona kama nilimwambia mtu aioshe. Lakini simkumbuki, na hakuna aliyeosha. Basi labda nilisema moyoni tu, nikadhani nimesema kwa mdomo. Kama kahawa ni nzima, hakuna kilichoharibika, tuyaache. Kama imechacha, Elisante ana haki. Mtu anayeacha kahawa ya mkewe ikaoza si wa kukaa peke yake na moto."

Tulikuwa tumekaa benchi moja. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaongelea ng'ombe wa jirani. Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa machache: uliniambia mimi.

Nikasema, "Sawa, Baba. Nitaionja."

Sasa mnaonisoma mnaelewa kelele zangu za wiki tatu zilizopita zilitoka wapi.

Espreso inaweza kuwa chachu kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji kukimbia. Yakipita haraka mno kwenye unga, au yakiwa hayana joto la kutosha, yanachukua ukali unaotoka kwanza na kuuacha utamu unaotoka baadaye. Huo ni uchachu wa jikoni, unatibika asubuhi moja. Wa pili unakuja na punje yenyewe, kutoka kwenye ndoo. Huo hautibiki. Na katika mdomo wa mtu anayetaka kudanganyika, aina hizo mbili zinafanana sana.

Mimi nilitaka kudanganyika kwa mwezi mzima.

Nilisaga laini, nikasaga laini zaidi, mpaka mashine ikakabwa na kudondosha tone mojamoja. Nilipandisha joto. Nilipima gramu kumi na nane za unga na kukamua thelathini na sita za kahawa, kisha arobaini na tano, kisha hamsini. Niliyaacha maji yaloweshe unga kwanza kabla ya kuyasukuma. Nililaumu kushindilia kwangu, nikashindilia upya mpaka kiganja kikaniuma. Nililaumu maji, maana haya maji yetu ya Meru yenye madini yaliyotupaka meno rangi tangu utotoni hayakosi dhambi. Nikanunua ya chupa, kahawa ikazidi kuwa chachu, nikarudi kwenye ya bomba. Nililaumu ukaangaji. Nikaikaanga mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta, na uchachu ukajificha nyuma ya uchungu wa mkaa. Kikombe kilipopoa ukatoka tena, kama mgeni aliyekuwa amekwenda chooni tu.

Kila kikombe kilikuwa na sababu yake. Mimi ni hodari wa sababu. Nimesoma vitabu vya historia ya kahawa, vya kemia yake, vya jinsi ilivyowatajirisha watu wasioilima. Ningeweza kumtetea yule mtu aliyeacha ndoo ile mbele ya mahakama yoyote.

Wiki hii niliishiwa na njia zote. Nikamwomba Elisante anipitishie kahawa kidogo ya Baba Ndekirwa, ile aliyoimenya Jumatatu ileile, maana najua huwa anabakiza ya matumizi ya nyumbani. Fikiria: mlima mmoja, wiki moja, mashine moja, jioni moja, karibu ndoo moja. Tofauti ni kwamba yeye aliosha ya kwake Alhamisi asubuhi kwenye bomba la nyuma ya nyumba yake. Yeye si wa ukoo wetu, hakuzuiliwa. Nilimwambia Elisante ni ya kulinganisha ladha tu. Juzi Alhamisi nilizikaanga zote mbili kwa kikaango kimoja, moja baada ya nyingine, dakika zilezile, nikaziacha zitulie hadi leo.

Leo asubuhi nikaanza na ya Baba Ndekirwa. Kikombe cha kwanza kikanikunja uso. Chachu, chepesi, kina chumvichumvi. Nikasaga laini zaidi. Sekunde ishirini na tisa. Ikashuka polepole kama asali, na nilipoonja ule ukali ulikuwa umekuwa chungwa, na mwisho wa chungwa kulikuwa na kitu kama sukari guru. Nilicheka peke yangu. Mashine ilikuwa nzima. Mkono ulikuwa mzima. Makala yangu ilikuwa sahihi mstari kwa mstari.

Kisha ya mama. Kinu kilekile, maji yaleyale, sekunde zilezile.

Siki.

Siki, na nyuma yake harufu ya maganda ya ndizi yaliyosahauliwa ndani ya mfuko. Nikakiacha kipoe nikaonja tena, kikawa kibaya zaidi. Nimebishana na wabunge, nimebishana na maaskofu, nimebishana na kila mwenye kipaza sauti katika mkoa huu. Sijawahi kunyamazishwa na kahawa ya vijiko viwili.

Hiyo ilikuwa saa nne. Saa nane Elisante alikuwa amlete Baba, tukae sisi watatu tuamue la kuhama. Na Baba alikuwa anakuja kusikia jibu la kahawa yake.

Kabatini nina magadi ya kupikia makande. Yeyote aliyewahi kupika anajua yanachofanya kwa kitu kichachu. Nikakamua kikombe kingine cha ile ya mama, nikachukua chembe kwa ncha ya kisu, nikatia. Povu dogo likapanda, likatulia. Nikaonja. Siki ilikuwa imeondoka. Kilichobaki kilikuwa kimepooza, kizito, hakina jina. Lakini si chachu.

Nilijiambia ni huruma. Nitampa anywe, nitasema kahawa ni nzima, hakuna kilichoharibika, tuyaache. Alisema mwenyewe. Mzee atabaki na mlima wake na mimi nitabaki na siri yangu, na hakuna atakayeumia. Nimetumia miaka yangu ya utu uzima kuwaandama watu wanaofikiri hivyohivyo kwenye ofisi zao.

Waliingia saa nane na nusu. Baba alikuwa amevaa koti la mazishi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mji wenu una baridi kuliko kwangu, halafu mnataka mimi ndiye nishuke."

"Huku kwa dada kuna hita, Baba," Elisante alisema. "Ya umeme. Unaota bila moshi."

"Na umeme ukikatika mnaota nini? Maneno ya dada yako?"

Elisante alicheka mpaka akakohoa. Hata mimi nilicheka. Ndiyo akili tuliyokuwa tumekutana kuijadili.

Nikakamua mbele yake. Aliitazama mashine inavyonguruma, akasema inalia kama ng'ombe aliyekwama mlangoni. Nikageuka kutafuta kijiko, nikatia chembe zangu nikiwa nimempa mgongo, nikakoroga, nikamwekea.

Baba hanywi kahawa kama sisi. Alikinusa kwanza. Akachukua funda dogo, akalizungusha mdomoni, akakaa nalo. Macho yalikuwa kwenye dirisha, pale ambapo mlima ungekuwepo.

"Umeweka magadi," alisema.

Elisante akamwekea mkono begani, kwa upole kabisa. "Baba, magadi ni ya makande. Hii ni kahawa." Kisha akanitazama juu ya kichwa cha mzee, na macho yake yalikuwa yanasema: unaona sasa?

Baba akaonja tena. "Ni magadi. Miaka hamsini na mbili nimekula makande ya mama yenu, leo nisiyajue?"

"Haya, tumuulize mwenyewe," Elisante alisema, kwa ile sauti tunayotumia kumridhisha mtoto. "Dada, umeweka magadi humu?"

Nikasema, "Hapana."

Neno moja. Halikunichukua hata pumzi.

Baba akakiweka kikombe mezani. Alikaa akikitazama, halafu akajipitishia ulimi kwenye meno, kama mtu anayekagua kitu chake ambacho hakukitilia shaka hata siku moja.

"Basi na ulimi nao umeondoka," alisema.

Hakuuliza tena kama kahawa imechacha. Nilikuwa na jibu langu limekaa tayari mdomoni na hakulihitaji. Alimgeukia Elisante akamwambia amlete Jumamosi ijayo, apewe hii wiki moja ya kuaga. Elisante akaitikia, "Ndiyo, Baba," na nikaona machozi yanamlengalenga, kwa sababu alikuwa ameupata ushindi alioutaka na haukumfurahisha. Ilipofika saa tisa walikuwa wamekwishaondoka.

Nimekaa hapa tangu hapo nikijaribu kuligeuza jambo hili lisimame upande wangu. Haligeuki. Mzee wa miaka themanini na moja ametambua chembe za magadi za kuenea kwenye ncha ya kisu, ndani ya kahawa nzito, kwa funda moja. Hakuna mwonjaji wa mjini hapa ambaye angeweza. Na mimi nilimwambia kwamba amekosea. Mara ya kwanza nilimnyang'anya kumbukumbu yake kwa kukaa kimya. Leo nimemnyang'anya na ulimi, kwa kusema.

Saa kumi na mbili nilipiga simu. Akapokea Elisante.

"Mpe Baba simu."

"Anaota moto. Kuna nini, dada?"

"Mpe tu."

Nikasikia kuni zikipasuka, kisha pumzi yake.

"Baba, ni mimi. Niliweka magadi."

Kuni zikapasuka tena.

"Na kahawa, yule mtu uliyemwambia aioshe ni mimi. Jumatano jioni, nyuma ya turubai. Nilikuitikia nikasema nitaosha. Sikuosha. Imechacha, Baba. Ni siki tupu."

Nilikuwa na mengi ya kuongeza. Nilikuwa na wasifu, na wazee wa kanisa, na akina mama walivyoitikia kaburini. Yote yalikuwa yamejipanga. Niliuma mdomo yakabaki ndani, na nakiri kwamba hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya leo.

"Nyuma ya turubai," Baba alisema taratibu, kama anapapasa ukuta wa chumba anachokijua. "Ulikuwa umeshika karatasi."

"Ndiyo, Baba."

"Nikakwambia huogopi maneno ya watu."

"Ndiyo."

"Basi mimi ni mzima."

Hakuwa ananiambia mimi. Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, benchi nadhani, na hatua zake zikaenda. Baada ya muda Elisante akaiokota.

"Umemwambia nini mzee? Ameingia chumbani anaburuta gunia. Anasema anakwenda kuimwaga kwenye migomba."

"Mwache."

"Giza linaingia, dada!"

"Basi mmulikie. Usimshike mkono."

Nilijua anapiga hesabu za mchana, kikombe kwa kikombe.

"Kwa hiyo magadi yalikuwemo."

"Yalikuwemo."

"Na mimi nikamwongelesha baba yangu kama mtoto mdogo." Akakata simu. Elisante hajawahi kunikatia simu tangu tupate simu.

Baba hakusema amenisamehe. Sikuomba, maana kuomba kungekuwa kumbebesha mzigo mwingine jioni moja. Wala sijaponya chochote. Kofia ataendelea kuitafuta, na hofu ya Elisante kuhusu moto ni hofu ya kweli; huenda siku si nyingi itabidi mzee ashuke. Lakini kama atashuka, ataamua kwa akili anayojua ni yake, siyo kwa sababu binti yake aliiazima kufunikia ndoo.

Makala ya wiki tatu zilizopita nimeiacha pale ilipo. Hii naiweka chini yake, ili atakayesoma kelele zile asome na zilikotoka. Mtakaotaka kunisuta, nafasi iko wazi. Safari hii sitajibu.

Kesho ni Jumapili. Kahawa ya mwaka huu imeanza kuwa nyekundu kwenye matawi ya chini, na hakuna wa kuichuma isipokuwa Elisante peke yake. Nitapanda mapema kabla ya ibada, mikono mitupu, bila mashine na bila hoja. Sijui kama Baba atanipa benchi nikae.

Vikombe bado viko mezani. Kimoja kina harufu ya chungwa, kingine ya siki. Naenda kuviosha sasa hivi, kabla mtu hajanipigia, kabla sijapata wa kubishana naye.